Taa ya Nje Uliyoiunga Kwenye Nyaya za Ndani Inasumbua: Anza na Nyutro, Kisha Tafuta Maji

Kuvuta taa ya nje kutoka kwenye nyaya ambazo tayari zimo ndani ya nyumba ni kazi ya saa mbili tatu. Unatoboa ukuta nyuma ya swichi ya sebuleni, unapitisha waya, unafunga taa barazani, kazi imekwisha. Usumbufu huja baadaye, na karibu wote una vyanzo viwili: nyutro (waya unaorudisha umeme baada ya kupita kwenye taa) iliyochukuliwa mahali pasipo pake, au maji yaliyoingia kwenye maungio. Taa yenyewe ndiyo ya mwisho kustahili lawama, ingawa ndiyo huwa ya kwanza kubadilishwa.

Maelezo haya yanafuata wayaringi ya kawaida ya nyumba za matofali za Tanzania na Kenya: nyaya moja moja ndani ya paipu za PVC za milimita 20, taa kwa waya wa 1.5 (milimita za mraba) chini ya breka ya ampea 6 au 10, soketi kwa waya wa 2.5 chini ya breka ya ampea 20 au 32. Volti ni 230 Tanzania, 240 Kenya. Kama fundi wa kwanza alifanya kazi yake kwa mtindo huo, laivu (waya unaoleta umeme) inatembea kutoka swichi hadi swichi, na nyutro inatembea kutoka taa hadi taa huko juu darini. Sentensi hiyo ishike, maana nusu ya matatizo yaliyo hapa chini yanatokana nayo.

Vifaa: multimita, bisibisi ya testa, plaizi, konekta, na waya wa majaribio wa mita tatu hivi. Kabla ya kugusa shaba yoyote, shusha swichi kuu, kisha pima. Jaribu kipimo chako kwanza mahali penye umeme, halafu kwenye waya unaotaka kuugusa, halafu rudi tena penye umeme. Testa iliyokufa inasema «hakuna umeme» kila mahali. Kazi ya kuongeza nyaya kisheria ni ya fundi mwenye leseni (EWURA kwa Tanzania, EPRA kwa Kenya). Kutambua tatizo kabla hajafika kunakuokolea pesa na kubahatisha.

Taa ya nje inawaka pale taa ya sebuleni inapozimwa, na inazima ile inapowashwa

Hii ndiyo dalili inayochanganya watu kuliko zote. Wengine huona taa zote mbili zikiwaka hafifu, au ya nje ikipepesa kama iko diskoni. Chanzo ni kimoja: waya mweusi ndani ya boksi la swichi umedhaniwa kuwa nyutro.

Fungua swichi utazame. Kwenye tundu lililoandikwa COM utakuta nyaya mbili nyekundu, moja inaleta laivu na nyingine inaipeleka swichi inayofuata. Kwenye tundu la L1 upo waya mmoja, mara nyingi mweusi. Huo mweusi si nyutro. Ni waya wa kurudi, unaobeba umeme kutoka swichi kwenda kwenye balbu. Fundi aliuweka mweusi ili autofautishe na laivu, au kwa sababu nyekundu ilikuwa imemwishia. Ukiiunga taa ya nje kati ya nyekundu na huo mweusi, umeifunga juu ya swichi: swichi ikiwa imezimwa, umeme unapita taa ya nje, unaingia taa ya sebuleni, ndipo unafika nyutro. Taa mbili zimefuatana kwenye njia moja, kwa hiyo zinagawana volti. Swichi ikiwashwa, pande zote mbili za taa ya nje zinakuwa laivu, nayo inazima.

Rangi haithibitishi kitu. Kinachothibitisha ni kipimo. Weka multimita kwenye volti za AC, ncha moja kwenye ethi (waya wa ardhini), nyingine kwenye huo mweusi. Washa swichi. Ukisoma 230, ni waya wa kurudi. Zima, utasoma karibu sifuri, au, kama balbu ni LED, namba inayoelea ya 20 hadi 90 hivi ambayo haina nguvu yoyote. Nyutro halisi haibadiliki swichi iwashwe au izimwe: dhidi ya ethi inasoma volti chache tu, au sifuri.

Dawa ni kuleta nyutro ya kweli kutoka kwenye silingi rozi (kikombe cha darini chenye maungio ya taa) ya taa hiyohiyo ya sebuleni. Paipu linaloshuka kutoka darini hadi swichi kwa kawaida lina nafasi: la milimita 20 linabeba nyaya nne tano za 1.5 bila kubanana. Pitisha springi ya kuvutia, funga mweusi mpya na ethi ya kijani-njano pamoja, vuta polepole huku mwenzako akisukuma kutoka juu. Waya mpya ukikwama kwenye kona, usilazimishe. Ganda likichubuka humo ndani utaandaa shoti ya mwakani. Kisha badilisha swichi, weka ya vitufe viwili. Laivu iingie COM ya kwanza, kipande kifupi chekundu kiiunganishe na COM ya pili, na waya wa taa ya nje utoke L1 ya pili. Ukiuweka L2 kwa bahati mbaya taa itawaka vizuri, ila kitufe kitakuwa juu-chini kinyume na vingine vyote ndani ya nyumba. Haina hatari, inaudhi tu.

RCCB inashuka mara tu unapowasha taa ya nje, hata siku kavu

RCCB ni ile breka pana yenye kitufe kidogo cha T. Inalinganisha umeme unaotoka kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Tofauti ikifika miliampea 30, inakata. Ikishuka papo hapo kwa kila jaribio, uliza kwanza: nyutro ya taa hii imetoka wapi?

Jibu la kawaida ni «kwenye soketi iliyo hapo chini». Mtu hakukuta nyutro kwenye swichi, akaazima ya soketi kwa kuwa ilikuwa karibu. Kama RCCB moja inalinda nyumba nzima, taa itawaka na hakuna atakayejua. Lakini bodi nyingi (masanduku ya breka) zina RCCB ya soketi peke yake, na taa ziko nje yake. Hapo umeme unatoka upande wa taa na kurudi upande wa soketi, RCCB inaona kitu kimerudi ambacho haikukituma, inakata. Balbu ya LED ya wati 10 inavuta zaidi ya miliampea 40, inatosha kabisa. Balbu ndogo ya wati 3 yaweza isiishushe, ndiyo maana wakati mwingine tatizo «linapona» mtu akibadilisha balbu, kisha linarudi.

Usiiache nyutro ya kuazima hata pale isipotripu. Siku fundi atakaposhusha breka ya soketi ili abadilishe soketi, atafungua ile nyutro akidhani imekufa. Taa ya nje ikiwa imewashwa, mkono wake ndio utakaokutana na volti 230 zilizopitia kwenye balbu.

Jibu la pili ni baya zaidi: ethi imetumika kama nyutro. Penye RCCB itakata mara moja. Pasipokuwa nayo, taa itawaka miaka. Umeme wake unarudi kupitia fimbo ya ethi nyuma ya nyumba, na siku waya wa ethi ukioza au kukatwa na jembe, ganda la friji, la pasi na la kila kitu chenye pini tatu linabaki limeunganishwa na laivu kupitia taa hiyo. Ukikuta kijani-njano kimefungwa kwenye N ya taa, kiondoe siku hiyohiyo, hata kama nje kutakuwa giza.

Kama chanzo ulichotaka ni soketi tangu mwanzo, chukua vyote hapo: laivu, nyutro na ethi. Ila waya wa 1.5 hauna kinga ya kutosha chini ya breka ya ampea 32. Weka kati yao swichi yenye fyuzi, ile ya ukubwa wa soketi moja, na utoe fyuzi ya 13 inayokuja nayo uweke ya ampea 3. Hiyo inabeba zaidi ya wati 600, mara kumi ya unachohitaji barazani.

Taa haiwaki kabisa

Jaribu balbu ndani ya nyumba kwanza. Dakika moja inamaliza ubishi. Ikiwa nzima, pima kwenye konekta ya taa, swichi ikiwa imewashwa. Vipimo vitatu vinatosha.

Laivu kwa nyutro 230: umeme upo, taa au holda ndiyo mbovu. Angalia ulimi wa shaba katikati ya holda. Ukilala haugusi balbu. Zima swichi kuu kabla ya kuuinua.

Laivu kwa ethi 230, lakini laivu kwa nyutro ni sifuri au namba ya ajabu: nyutro imekatika. Hapa bisibisi ya testa ina ujanja wake. Balbu ikiwa ndani ya holda, itawaka kwenye L na itawaka kwenye N pia, maana laivu inapita balbu na kukosa pa kwenda. Toa balbu, N inazima. Ukiona hivyo acha kuhangaika na swichi, nenda kwenye ungio la nyutro kule juu darini. Mara tisa kati ya kumi utakuta nyaya tatu zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa selotepu iliyokauka. Kata ncha, menya milimita 10 safi, weka konekta.

Laivu kwa ethi sifuri: umeme haufiki. Rudi kwenye swichi, pima COM, pima L1. Ukikuta 230 kwenye COM na hakuna kitu L1 wakati imewashwa, swichi imekufa. Ikiwa L1 ina umeme, waya umekatika njiani, au skrubu imebana ganda badala ya shaba. Hili la pili ni la kawaida kuliko watu wanavyokiri.

Inatripu mvua ikinyesha, au alfajiri yenye umande

Kwanza, kitu cha kushangaza: RCCB inaweza kushuka hata swichi ya taa ya nje ikiwa imezimwa. Swichi ya kawaida inakata laivu tu. Nyutro inabaki imeunganishwa mpaka kwenye taa, na maji yakiiunganisha na ethi, sehemu ya umeme wa nyumba nzima inaanza kurudi kupitia ardhini. Ndiyo maana inashuka ukiwasha pasi au heta, na pasi inapelekwa kwa fundi bila kosa. Kushusha breka ndogo ya taa pia hakusaidii kutambua, kwa sababu nayo haigusi nyutro. Ili kuthibitisha, shusha swichi kuu, fungua laivu na nyutro za waya wa nje, zote mbili, zizibe kila moja kwa konekta yake, kisha rudisha umeme. RCCB ikikaa, kosa liko nje ya ukuta. Ikishuka tena, taa haina hatia.

Mwenye mega (kipimo cha uimara wa maganda ya nyaya) apime: taa itolewe kabisa (volti 500 za mega zinaua draiva ya LED), laivu na nyutro zishikwe pamoja, zipimwe dhidi ya ethi. Chini ya megaomu 1 haifai. Multimita ya kawaida inatumia volti chache, kwa hiyo itagundua maji yaliyojaa, si unyevu wa alfajiri.

Maji yanapita wapi? Anza juu. Kama waya unaingia kwenye taa kwa upande wa juu, hapo ndipo. Maji yanafuata waya kama mchwa anavyofuata ukuta, na IP65 (alama ya kuzuia vumbi na maji) iliyoandikwa kwenye boksi inahesabika tu pale glandi, ile pete ya kubana waya unapoingia, inapobana waya wa mviringo. Waya bapa wa nyaya tatu ndani ya glandi ya mviringo unaacha nafasi mbili pembeni, kila moja inapitisha njiti ya kiberiti. Tumia waya wa mviringo, uingie kwa chini, na kabla ya kuingia uteremke kidogo chini ya tundu kisha upande, ili matone yaangukie kwenye kile kitanzi na si ndani ya taa.

Kisha tazama nyuma ya taa. Ukuta wa plasta si bapa kama unavyoonekana, na gasketi nyembamba haizibi bonde la milimita tatu. Paka silikoni juu na pembeni, chini uache wazi. Ukiziba pande zote, unyevu unaoingia hautoki, na utakuta taa ina maji nusu kama bakuli la samaki.

Njia ya tatu watu huisahau: paipu lenyewe. Tundu likitobolewa likiwa limeinamia ndani, maji yanatembea humo na kuishia kwenye boksi la swichi sebuleni. Doa la kahawia chini ya swichi baada ya masika ndiyo dalili yake. Tundu jipya liinamie nje, sentimita moja inatosha kwa ukuta wa inchi sita, na mdomo wa paipu uzibwe kwa silikoni kuzunguka waya.

Maungio ya nje yaliyofungwa selotepu peke yake yahesabu kuwa tayari yameharibika. Jua linakausha gundi, selotepu inafunguka, maji yanaingia. Kama ungio nje haliepukiki, liwe ndani ya boksi lenye gasketi, na konekta zipakwe grisi ya silikoni. Kwa nyumba za Tanga, Mombasa, Unguja na kote kwenye upepo wa chumvi, hilo si la hiari: shaba inageuka kijani mapema, skrubu za chuma zinakwama, na ungio linaanza kupata moto. Na ukiwa umefungua, toa sisimizi na viota vya nyigu. Mjusi mmoja aliyelala juu ya konekta anatosha kushusha breka.

Breka ndogo inashuka kwa kishindo

Hii ni shoti kati ya laivu na nyutro. Ikishuka pale tu unapobonyeza swichi, tazama kama kuna aliyeleta nyutro ya kweli kwenye swichi na kuifunga L1; swichi hiyo sasa inagonganisha laivu na nyutro. Ikishuka hata kabla ya swichi, fikiria skrubu ya mwisho uliyoipigilia ukutani. Paipu hushuka wima kutoka darini hadi kwenye swichi, kwa hiyo usitoboe ukuta kwenye mstari ulionyooka juu au chini ya swichi wala soketi.

LED inabaki inameremeta kidogo ikiwa imezimwa

Angalia kama swichi ina kijitaa chekundu cha kuonyesha gizani. Kile kinapitisha umeme kidogo kupitia balbu, na LED inatosheka nao. Badilisha swichi. Kama haina, pima kama swichi inakata nyutro badala ya laivu. Hilo lirekebishwe bila kuchelewa, maana holda inabaki na umeme hata taa ikizima. Ikiwa yote ni sawa na waya ni mrefu, tuseme mita 40 hadi getini ukienda sambamba na laivu nyingine, ni umeme wa kuvuja kati ya nyaya. Kapasita ya mikrofaradi 0.1, aina ya X2, ya volti 275, ikifungwa kati ya L na N ndani ya taa, inaumaliza.

Kwa hesabu ya geti hilohilo: LED ya wati 50 inavuta ampea 0.22, na waya wa 1.5 unapoteza milivolti 29 kwa kila ampea kwa kila mita. Mita 40 ni robo ya volti. Taa ikiwa hafifu huko getini, waya mnene hautasaidia. Tafuta ungio lililolegea.

Fotoseli na sensa

Taa inawaka na kuzima kila dakika usiku kucha: fotoseli (kijicho kinachowasha taa giza likiingia) inaona mwanga wa taa yake yenyewe. Igeuze itazame angani. Inawaka mchana kutwa: ifunike na ifunue, subiri dakika mbili, isipobadilika, mguso wake wa ndani umeshikana, na hutokea sana fotoseli moja ikibebeshwa fladi (taa kubwa za mwanga mpana) kadhaa za LED. Haifanyi chochote: fotoseli inahitaji nyutro yake. Nyingi zina nyeusi kwa laivu, nyeupe kwa nyutro na nyekundu kwenda kwenye taa, kwa hiyo anayefuata rangi za nyumbani anazifunga kinyume. Soma lebo. Sensa ya mwendo inayojiwasha ovyo, iondoe kwenye majani ya mgomba na mbali na mashine ya nje ya kiyoyozi.

Balbu zinaungua kila mwezi, au taa inapiga ukiigusa

Pima volti saa moja jioni na tena saa sita usiku. Kati ya 207 na 253 ni kawaida kwa umeme wa 230. Ndani ya kiwango hicho, kinachoua LED ni joto: balbu iliyofungwa ndani ya kioo kisichopumua, kwenye ukuta unaopigwa jua la magharibi. Shusha wati, au chukua taa iliyotengenezwa nzima kwa matumizi ya nje. Volti zikipanda hadi 270 au 280 kisha zikashuka ghafla, taa ya nje haihusiki. Nyutro ya nje ya nyumba imelegea. Shusha swichi kuu, zima kila kitu, uite kampuni ya umeme kabla friji haijaungua.

Taa ya chuma inayopiga haina ethi, au ethi yake haifiki kwenye fimbo. Pima ganda dhidi ya nyutro kwa umeme ukiwa umewashwa, na usiliguse mpaka ujue waya wa kijani umekatika wapi. Taa ya plastiki yenye alama ya mraba ndani ya mraba haihitaji ethi, lakini uvute waya wake hivyohivyo mpaka hapo na uuzibe kwa konekta; atakayekuja kuweka ya chuma baadaye ataukuta.